Saisi na Nguzo Iliyotafunwa

Mara ya kwanza nilipoona mabenchi ya mahakama ya Nakuru yamejaa mpaka watu wakaegemea ukuta, kesi ilikuwa ya farasi.

Nilikuwa mkalimani pale, mwaka wangu wa tatu. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kizimba chetu hakikukaa kitupu. Huyu amekamatwa bila pasi, yule amelala mjini kwa ndugu yake bila ruhusa, mwingine amekutwa na nusu gunia la mahindi akashindwa kueleza limetoka wapi. Siku za kesi hizo ungeona kwenye mabenchi mke mmoja au wawili, mtoto mgongoni, na askari anayesinzia mlangoni. Siku ya farasi walikuja akina memsaab wa Njoro na Molo, na wa Milimani hapo juu, wakiwa na kofia za kwendea kanisani. Waume zao walikuja na kaptula na soksi ndefu. Nyuma kabisa walisimama watu wetu: wapishi, madereva, saisi wa uwanja wa mbio, na wanawake wawili wa sokoni ambao walikuwa wameacha kabeji zao kwa jirani ili waje kusikia.

Nilikuwa na daftari langu, si la mahakama. Ukurasa wa kushoto niliandika yaliyosemwa, wa kulia yale niliyoyaona. Siku hiyo, kabla hakimu hajaingia, ukurasa wa kulia ulikuwa tayari umejaa.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mzungu mmoja mwenye shamba kwenye barabara ya Njoro alikuwa na farasi wa kahawia mwenye doa jeupe usoni. Jumapili moja ya Februari alimpeleka mbioni, na farasi akagoma katikati ya uwanja mbele ya watu wote. Mwenyewe alirudi naye nyumbani. Alimfunga kwenye nguzo nyuma ya banda, juani, akamwambia saisi wake kwamba mnyama huyo asipewe maji wala majani mpaka ajifunze adabu. Wakati ule ziwa lilikuwa limekauka sehemu kubwa, na kila alasiri upepo ulileta vumbi jeupe la magadi likaingia machoni na kwenye sufuria. Farasi alisimama pale Jumapili iliyobaki, Jumatatu na Jumanne. Jumatano alfajiri alikutwa amelala chini, amekufa.

Saisi ni mtunza farasi: humlisha, humsugua, humtembeza, na hujua tumbo lake kuliko tumbo la mtoto wake. Huyu alikuwa mtu wa umri wa baba yangu mdogo, kutoka upande wetu wa magharibi, mwembamba, kichwa kimeanza mvi. Aliishi kwenye shamba hilohilo na mke na watoto, kwa ruhusa ya mwenye shamba, pamoja na mbuzi wachache na kipande cha ardhi walichokuwa wamekwisha kulima wakingoja mvua. Jumatatu mchana, bwana wake alipokuwa mezani, alimpelekea farasi maji kwa debe. Hajamaliza kunywa, bwana akatokea. Akalipiga debe teke, akamwambia saisi kwamba akirudia atafunga mizigo yake na mke wake na kuondoka siku hiyohiyo. Saisi hakurudia.

Hayo aliyaeleza polisi. Shida ilikuwa kwamba hapakuwa na kitu kingine cha kuyaunga mkono ila mdomo wake, na aliyekiondoa kila kitu kingine alikuwa ni yeye mwenyewe.

Alipomkuta farasi amekufa alfajiri ile, alifanya alichokuwa amefanya kila asubuhi kwa miaka ishirini. Alifungua kamba, akaiosha, akaikunja, akaitundika kwenye msumari wake. Hatamu aliipaka mafuta. Alizoa samadi. Shimo ambalo farasi alikuwa amelichimba kwa kwato akilia njaa alilifukia, akalishindilia kwa mguu. Kisha akanyunyiza maji kuzuia vumbi, akafagia ua wote kwa ufagio wa vijiti. Wanawake waliokuwa wakipita njiani kwenda kukamua ng'ombe walikuwa wamemwona farasi siku mbili mfululizo, na habari ikafika kwa memsaab jirani, mjane aliyefuga farasi, naye akapiga simu polisi; lakini wanawake wenyewe, kwa kuogopa kufukuzwa, hawakukubali kutoa ushahidi. Polisi walifika saa nne. Wakakuta ua safi kama sahani na farasi amenyooshwa miguu. Mwenye shamba akawaambia tumbo limemsokota usiku akiwa ndani ya banda, na kama aliwahi kufungwa juani, basi aliyemfunga ni saisi kwa uvivu wake.

Hivyo mwenye farasi alishtakiwa, lakini inspekta alimwambia saisi waziwazi, na mimi ndiye niliyetafsiri, kwamba maneno yake yasipothibitika, atakayesimama kizimbani baada ya hapo ni yeye. Sheria ilikuwa faini, au mwezi mmoja jela kwa asiyeweza kulipa. Saisi aliuliza swali moja tu, kama mwezi huo ni wa kabla ya mvua au baada. Inspekta alidhani anafanya mzaha. Mimi nilijua anahesabu shamba lake.

Mji ulikuwa umechemka. Barua zilikuwa zimeandikwa gazetini, na posta kulikuwa na karatasi ukutani iliyotaka sheria ibadilishwe. Nilisikia mabwana wawili wakibishana mbele ya benki: mmoja akisema mtu wa namna ile achapwe viboko hadharani, wa pili akisema viboko ni vya wezi wa ng'ombe, si vya mambo ya farasi. Hasira hiyo ilinishangaza, nikaifuata kila nilikoweza, kwa sababu nilitaka kujua imetoka wapi na ilikuwa imelala wapi siku zote.

Kwenye hoteli ya chai karibu na soko hasira ilikuwa ya namna nyingine. Dobi mmoja aliniona nikiingia akaniuliza kama ni kweli sasa nimekuwa mkalimani wa farasi, na kama marehemu alikuwa na pasi. Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Mwingine akasema yeye akifa ataomba azikwe kama farasi, wilaya nzima imlilie. Hapo mzee mmoja, mpiga mafuta magurudumu ya garimoshi aliyekuwa karibu kustaafu, aliweka kikombe chini. Alisema yeye pia anacheka, lakini amemhurumia yule mnyama. Mtu akifungwa, alisema, ana mdomo wa kuomba maji. Akanyimwa, angalau anajua ameomba. Mazungumzo yakahamia bei ya sukari. Nikayaandika yote mawili, kicheko na huruma, upande wa kushoto.

Siku ya kwanza ya kesi saisi alisimama kutoa ushahidi. Alikuwa amevaa koti la bwana fulani wa zamani, mikono imemzidi. Alieleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Kisha wakili wa mwenye farasi akainuka, naye hakuwa mkali hata kidogo.

Aliuliza kamba ilikuwa wapi polisi walipofika.

"Kwenye msumari wake."

Na samadi?

"Nilizoa."

Na hilo shimo unalosema farasi alichimba?

"Nilifukia."

Na ua ulifagiliwa na nani?

"Na mimi."

Wakili aliwageukia watu kabla ya kuuliza swali la mwisho. Farasi amekufa, unasema ameuawa kwa kiu, nawe unachukua ufagio. Kwa nini ulifagia?

Saisi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavuta pumzi.

"Ilikuwa asubuhi," alisema.

Nikatafsiri hivyohivyo. Kicheko kilianzia mbele kikafika nyuma, hata saisi wa uwanja wa mbio wakacheka, lakini hao walikoma upesi na kuanza kutazama viatu vyao. Nadhani kila mmoja wao alikuwa amefagia asubuhi hiyo. Hakimu aligonga meza. Aliahirisha kesi, akaagiza inspekta na daktari wa mifugo waende shambani wakatazame upya, na mkalimani aende nao.

Tulikwenda kesho yake kwa Landrova. Nilikaa nyuma na saisi, magoti yetu yakigongana kila shimo. Nilimwuliza mke wake anasemaje. Akasema hasemi kitu, ameanza kufunga vyombo, lakini jembe bado hajalifunga.

Ua ulikuwa umefagiliwa tena. Mistari ya ufagio ilionekana mchangani, imenyooka kama nywele zilizochanwa. Nyuma ya banda kulikuwa na safu ya nguzo sita za mtarakwa, ule mti mwekundu wenye harufu ya penseli. Saisi akaonyesha ya nne. Inspekta akapiga magoti, akatazama ardhi, akachokora kwa kijiti palipokuwa na shimo. Hakuona kitu. Daktari wa mifugo, kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, alikwenda kutazama kamba. Ilikuwa safi kuliko kamba yoyote niliyowahi kuona. Mwenye shamba alisimama barazani na kikombe mkononi, akitutazama kama mtu anayetazama mafundi wa mabomba.

Mimi sikuwa na la kutafsiri, kwa hiyo nikawa natazama. Nilianza kuorodhesha kichwani vitu vya ua ule: ndoo zimepangwa kwa ukubwa, brashi zimetazama upande mmoja, hata mawe ya mpakani yamepakwa chokaa. Ila lango la boma lilikuwa limening'inia kwa bawaba moja, na nguzo mbili za mwisho zilikuwa zimelala upande. Nikashangaa. Mtu anayepanga ndoo namna ile anawezaje kuvumilia lango kama lile? Nikauliza, bila ruhusa ya mtu.

"Mzee, nguzo hizi nani anazitunza?"

"Hizo si kazi yangu, karani. Hizo ni za fundi wa boma. Na fundi ametumwa Molo kujenga zizi, tangu Januari."

Nikaitazama ile ya nne kwa macho mengine: kama si kazi yake, basi hakuisafisha. Nguzo zote zilikuwa za kijivu kwa jua na mvua za miaka. Hii, kuanzia usawa wa kifua changu hadi juu, ilikuwa nyekundu. Ilikuwa imetafunwa. Upande mmoja ulikuwa umeliwa ndani mpaka nguzo ikawa na kiuno, na alama za meno zilionekana moja moja, pana, kama za patasi butu. Chini kidogo ya hapo kamba ilikuwa imekata mfereji kuzunguka mti, na ndani ya mfereji kulikuwa na nywele za kahawia zimegandamana na damu iliyokauka.

Nilimwita daktari. Aliingiza kidole kwenye alama, halafu cha pili. Kisha akasema farasi mwenye kitu kingine tumboni hatafuni mtarakwa.

Inspekta alinivuta pembeni akaniambia kazi yangu ni kutafsiri maswali, si kuyatunga. Nikamwambia nimeelewa. Halafu akaagiza nguzo ing'olewe.

Wakati askari wakichimba nilimwuliza saisi, kwa sauti ya chini, kama alikuwa ameiona nguzo ile.

"Nimeiona tangu Jumatatu. Nilimsikia akiitafuna."

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Waliniuliza kamba. Waliniuliza samadi, wakaniuliza ufagio," alisema. "Nilidhani wanauliza kazi yangu."

Nguzo iliegemezwa ukutani mahakamani, udongo bado umeishika mguuni, na chumba kizima kikanukia mtarakwa. Safari hii hapakuwa na kicheko. Daktari alieleza meno. Wakili aliuliza maswali machache akakaa. Hakimu akasema mtu aliyedanganya kuhusu banda hawezi kuaminiwa kuhusu saisi, na mwenye farasi akapatikana na hatia.

Hapo ndipo watu waliposogea mbele kwenye mabenchi yao. Hakimu alikuwa mzee mpole mwenye miwani ya kusomea, naye alifungua kitabu cha sheria, akasoma kifungu, akageuza ukurasa, akarudi akakisoma tena, kama mtu anayetafuta mstari uliodondoka. Alisema hiyo ndiyo adhabu ya juu kabisa anayoruhusiwa kutoa. Ilikuwa faini ambayo mwenye shamba aliitoa kwenye mfuko wa shati akiwa bado amesimama. Hakuhitaji hata kufungua pochi. Dakika chache kabla, kwenye kizimba hichohicho, kijana aliyekamatwa bila pasi alikuwa amepewa mwezi mmoja, na hakuna kofia iliyogeuka.

"Aibu," alisema mwanamke mmoja, si kwa kelele, na wengine wakalirudia neno hilo wakiinuka.

Nje, yule mjane mfuga farasi alikuwa ameweka karatasi yake juu ya boneti ya gari. Iliomba sheria iwe kali, na anayemtesa mnyama afungwe jela, si faini. Watu walipanga mstari kutia sahihi. Saisi alipotoka, mjane akamwita kwa heshima, akaniomba nimweleze kwamba dole gumba lake lingekuwa na uzito kuliko sahihi zote hizo. Alikuwa na kidau cha wino tayari. Nilimtafsiria saisi karatasi nzima, neno kwa neno.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaficha mikono ndani ya mikono ya lile koti.

"Mwambie memsaab asante. Lakini sheria hiyo ikiwa kali, itanishika mimi kwanza. Kamba huwa mkononi mwangu."

Nikatafsiri. Bwana mmoja aliyekuwa karibu akaguna kwamba hiyo ndiyo shukrani yao. Mjane hakumsikiliza. Alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira, kama mtu aliyeonyeshwa mlango kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Aliniambia nimwulize, basi, yeye angependa sheria isemeje.

Saisi aliitoa mikono yake nje ya koti.

"Iseme saisi anaweza kumpa farasi maji," alisema. "Hata bwana akikataa. Na asifukuzwe."

Mjane alichukua kalamu akaandika kitu pembeni mwa karatasi. Kilikuwa kirefu zaidi ya mstari mmoja. Nilijaribu kukisoma juu chini lakini mwandiko wake ulikuwa mbaya, na watu wakasogea kati yetu. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini, na kama yaliyoandikwa pembeni yalifika pamoja na yale ya katikati.

Saisi alifukuzwa mwisho wa mwezi. Mvua ilikuwa imeanza siku mbili kabla. Mke wake na watoto walipanda gari la moshi kwenda magharibi, mbuzi wakauzwa nusu bei, na ardhi ile waliyolima sijui nani aliipanda. Yeye alikuja nyumbani kwangu na barua. Bwana wake alikuwa amempa barua ya kazi kama ilivyokuwa desturi, imefungwa, naye hakuthubutu kuipeleka kwa mtu kabla hajajua ina nini. Mke wangu alimpa chai. Aliinywa akiwa kwenye ncha ya kiti, barua mezani mbele yake.

"Soma, karani. Kama ni mbaya nitaichoma nikiwa hapa hapa."

Ilikuwa na mistari miwili. Ilisema kwamba mtu huyu amefanya kazi miaka ishirini, ni msafi mno, na kamba zake hukutwa mahali pake wakati wote.

Nilimsomea. Aliniomba nirudie. Nilirudia, huku nikitafuta sauti ya kuisomea, kwa maana sikujua kama mwandishi alikuwa akimsifu au akimkejeli, au kama mambo hayo mawili yalikuwa yamechanganyika ndani yake mwenyewe asijue. Mke wangu alisema ni kejeli tupu. Saisi alisema hapana, ni kweli, kamba zake zilikuwa mahali pake. Akaikunja barua akaiweka kifuani, na wiki hiyohiyo akaandikwa kazi kwenye mabanda ya uwanja wa mbio. Aliyemwandika, alinieleza baadaye, aliisoma akacheka, akasema mtu wa namna hiyo ndiye anayemtafuta.

Nilimwona miezi michache baadaye. Nilikuwa napita kando ya mabanda nikienda kazini, saa mbili na nusu hivi, na saisi wote walikuwa wakifagia, vumbi likipanda kwenye mistari ya jua. Ua mmoja tu haukuwa umefagiliwa. Farasi mweusi alikuwa amelala hapo ubavu, tumbo limevimba, anapumua kwa shida. Samadi ilikuwa palepale ilipoangukia. Kamba ilikuwa chini kwenye uchafu, imejikunja ovyo, na ufagio umeegemea mlango. Yeye alikuwa amechuchumaa karibu na kichwa cha farasi, anamnywesha maji kidogo kidogo kwa kikopo. Aliponiona aliinuka.

Nilimsalimu. Nikamwuliza, nusu kwa utani, kama leo hajafagia.

"Bado, karani. Nimemwita daktari. Acha aone kwanza."

Upepo uliinuka kutoka ziwani, ukaanza kuisogeza ncha ya kamba. Alinyoosha mguu akaikanyaga, akabaki amesimama hivyo, anatazama barabarani.